Kama cha Shangazi

Alhamisi, 6 Machi
Nimefika kwa Binti na sanduku moja na cherehani yangu. Paa langu limebomolewa lote, fundi anasema haezeki mpaka masika yaishe, na mimi na umri wangu sitalala chini ya turubai. Binti ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi, kwa hiyo sikuona haya kuja. Mumewe ndiye aliyenipokea. Ni mrefu kupita kiasi, na tangu siku ya posa namwita Mlingoti, ila si mbele yake. Alinibebea cherehani mpaka juu, akaniomba radhi kwa ngazi kuwa nyingi, kisha akaniomba radhi kwa mvua. Mwanamume anayeomba radhi kwa mvua, biashara ataiweza?

Ijumaa, 7 Machi
Wao wanakaa juu, mkahawa uko chini. Palikuwa duka la viatu, na kwenye kona bado pananuka gundi na mpira. Binti amepaka kuta rangi ya kiini cha yai. Kesho anafungua. Atapika vyakula vya Mexico, alivyofundishwa na bibi mmoja wa huko aliyefanya naye kazi katika jiko la hoteli, miaka ile alipokuwa mbali nasi. Nilimuuliza kwa nini asipike vitu watu wanavyovijua.
"Wanavyovijua si wanavipika kwao, Shangazi?" akanijibu, huku anakata vitunguu.
Jioni alikuja mwenye jengo, mzee aliyestaafu kazi ya kung'oa meno. Amempa Binti chumba kwa kipindi cha masika tu, kwa sababu shemeji yake, muuza vigae, naye anakitaka.
"Mvua zikikatika," akasema, "nataka niwe nimeona watu wanakula humu. Kula, mama, siyo kuingia na kutoka. Nikiona hivyo, tunaandikiana mkataba wa kudumu. Nisipoona, utanisamehe."
Binti akamjibu kwamba ataona. Mzee akasema, "Tutaona," kwa sauti ambayo bila shaka aliitumia miaka yote akiwa ameshika koleo.

Jumamosi, 8 Machi
Ufunguzi. Watu wamejaa mpaka mlangoni! Mimi nimepewa kimeza cha kona, karibu na mlango wa jikoni, ambako hakuna anayeniona na mimi siwaoni wengine vizuri, nawasikia tu. Binti ameniletea chakula kwa mkono wake: mikate myembamba ya mahindi, laini na ya moto, ndani yake nyama iliyochomwa na vitunguu na kotimiri, unakamulia ndimu, unakunja, unakula. Jina lake nilimkataza asilitamke mbele ya wateja, maana kwa Kiswahili ni kiungo cha kukalia, ambacho watu wazima hawaagizi mezani. Amekubali kuandika "mkate wa kukunja."
Mchuzi ulinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nilikula mitatu. Nikaomba na wa nne, nikisingizia kwamba wa tatu ulikuwa umepasuka.
Mlingoti alikuwa anazunguka na vikapu vidogo vya vipande vya mahindi vilivyokaangwa na vibakuli vya nyanya ya kusaga. Ni vya bure, vya kuchangamsha mdomo. Kila kikapu kikiisha, anajaza.

Jumapili, 9 Machi
Nyama ya jana imebaki nusu sufuria. Tumeila sisi.

Jumanne, 11 Machi
Mvua. Watu wamekuja hivyo hivyo na miavuli yao. Kuku amebaki karibu wote. Tumemla sisi.

Ijumaa, 14 Machi
Binti ameshinda jikoni tangu jana akipika mchuzi mmoja mweusi. Anakaanga pilipili kavu za aina mbalimbali, anakaanga ufuta, karanga, mkate mkavu, ndizi, anasaga, anachuja, anarudisha motoni, mwisho anatia chokoleti. Nilipoona chokoleti inaingia kwenye mchuzi wa kuku, nilifungua mdomo nimzuie. Akanipachika kijiko mdomoni.
Sijui niuandikeje. Kwanza ni mchungu kidogo, halafu unakuwa mtamu, halafu pilipili inakuja polepole kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu. Nilikilamba kijiko mbele na nyuma, na Binti akacheka.
"Bibi yule alikuwa ananipiga mwiko nikikosea," akasema. "Akasema huu mchuzi haupikiwi watu usiowapenda."

Jumamosi, 15 Machi
Mkahawa ulijaa. Sahani za mchuzi mweusi zilizouzwa: mbili. Mmoja wa waliouagiza ni Mlingoti, aliyejifanya mteja ili mkewe asife moyo. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango, amekaa peke yake na aproni ameikalia.

Jumatano, 19 Machi
Mvua mchana kutwa. Maharage yamebaki. Nguo zangu za kiunoni zimeanza kukataa. Nimefumua mishono ya sketi mbili.

Jumamosi, 22 Machi
Sielewi. Meza zinajaa, watu wanacheka, wanakaa, wanainuka wanashukuru, wanalipa juisi na kuondoka. Chakula kinabaki. Binti amekonda wakati sisi wengine tunanenepa kwa masalio. Nimemwambia leo, kwa nia njema kabisa, apunguze pilipili na aache huo mchuzi mweusi, atafute vitu vya kawaida.
Aliweka kisu chini. "Shangazi, wakija wakala wakakataa, nitakubali. Lakini hawali! Sasa nibadilishe nini wakati hawajaonja?"
Nilipanda juu nimenuna. Nilitafuta wa kumlaumu nikampata bila shida. Ni huyu Mlingoti. Anazunguka meza za watu na kikapu mkononi, anainama, anatabasamu, "karibuni sana, karibuni tena." Nani atakula akisimamiwa hivyo?

Jumatatu, 24 Machi
Mwenye jengo amepita na mwavuli. Akachungulia, akaona meza zote zina juisi na vikapu. "Tutaona," akasema.

Ijumaa, 28 Machi
Parachichi lililopondwa na ndimu. Bakuli zima, peke yangu. Sina la kusema ila kwamba nimeishi miaka mingi bila kulitendea haki parachichi.

Jumamosi, 5 Aprili
Leo nitaandika mpaka wino uishe.
Mchana mvua ilipopungua nilivuka barabara kwenda kwa Mama Vitambaa, ambaye ananiuzia nyuzi na ananiletea habari za mtaa mzima bila malipo. Jana yeye na mumewe walikuja kula kwa Binti. Nikaona nimuulize, kwa kuzungukazunguka, amekionaje chakula.
"Dada yangu, usinichukie," akasema, akanisogezea kiti. "Watu wale wana ukarimu, sijaona mfano wake. Lakini kile chakula kikavu."
"Kikavu? Kuku wa mchuzi mweusi ni mkavu?"
"Kuku gani? Vile vipande. Vya mahindi. Mtu unatafuna, unatafuna, unamaliza. Yule kijana mrefu anaongeza. Unajikaza unamaliza tena, anaongeza. Mume wangu alishaanza kutoka jasho. Nikamwambia, baba, tutoroke kabla hajarudi, tumbo langu limefika mwisho."
"Sasa kwa nini mlivimaliza?"
Alinitazama kana kwamba nimetukana mtu. "Nisaze? Mimi, mtu mzima, nisaze chakula kwenye sahani ya watu siku ya kwanza nimekaribishwa?"
"Na chakula chenyewe je?" nikauliza.
"Chakula chenyewe si ndicho hicho?"
Nilimuuliza kuhusu karatasi ya vyakula. Hakuona karatasi yoyote. Nilimuuliza kuhusu bili, kwamba hakushangaa kulipa juisi tu? Akasema walidhani ni ofa ya ufunguzi, na kwamba mtaa mzima unajua hivyo: huko Mexico watu wanakula vipande vikavu wanachovya kwenye nyanya, ni chakula cha heshima lakini hakishuki.
Sikumbuki kama niliaga. Nilivuka barabara bila mwavuli.
Niliingia mkahawani na kwa mara ya kwanza nikasimama katikati, mahali ambapo wateja wanakaa, badala ya kukimbilia kona yangu. Na nikaona kila kitu. Karatasi za vyakula zilizochapwa vizuri na Binti zimelazwa mezani, na juu ya kila karatasi kumewekwa kikapu. Kwenye meza ya dirishani mama mmoja alikuwa anasukuma vipande vya mwisho mdomoni, macho yamemlegea. Alipomeza tu, Mlingoti huyo, na kikapu kingine, na tabasamu. Yule mama akamshukuru. Niliona koo lake likikataa.
Nilimshika Mlingoti mkono nikamvuta jikoni, mbele ya mkewe.
"Umewashibisha watu!" nikamwambia. "Mwezi mzima unawashibisha watu vikapu vya bure, halafu tunakaa hapa tunajiuliza kwa nini hawaagizi chakula. Hawajui kuna chakula!"
Nikawaeleza yote. Mlingoti alisimama na kikapu kifuani. Nilitegemea atajitetea. Akasema polepole, "Shangazi, kwetu mgeni akimaliza sahani ukakaa kimya, umemfukuza. Mimi nilikuwa nasubiri mmoja asaze, nijue ameshiba, ndiyo nimuulize ataagiza nini."
"Na wao wanasubiri uache kuongeza ili waondoke."
"Nilidhani kuwauliza mapema ni kuwaharakisha."
Hapo nikampokea kile kikapu, hasira imeniisha. Maana na mimi ningefanya hivyo hivyo, na Binti amefanya hivyo tangu mdogo kwa sababu nilimfundisha mimi: usisaze kwa watu, na mgeni asionekane na sahani tupu. Yeye jikoni aliona vikapu vinarudi vitupu akafurahi kwamba wageni wana hamu. Watu wote humu ndani walikuwa na adabu, na adabu ndiyo iliyokuwa inatumaliza.
Binti alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alipoinua uso nikaona ni kicheko, kile cha kukosa pumzi, na mumewe akashikwa nacho, na mwisho mimi. Tulicheka mpaka yule mama wa dirishani akachungulia kuuliza kama tuko salama.

Jumapili, 6 Aprili
Nimemwangalia Mlingoti asubuhi. Yeye ndiye anayesaga pilipili kabla sisi hatujaamka, kwa sababu zinamwasha Binti macho. Vidole vyake vimevimba. Hajawahi kusema. Mimi niliyemwona hana kazi.

Jumanne, 8 Aprili
Tumeondoa vikapu. Tulidhani tumemaliza tatizo.
Watu wamekuja, wamekaa, wameangalia meza tupu. Karatasi wameisoma wakairudisha, hakuna anayethubutu kuagiza asichokijua. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mwezi wa kwanza ukarimu, wa pili mkono wa birika." Meza yake yote ikacheka, wakaondoka.

Alhamisi, 10 Aprili
Meza tatu tu ndizo zenye watu. Mvua kubwa.

Jumamosi, 12 Aprili
Mwenye jengo alikuja saa ya chakula cha mchana. Meza mbili. Hakusema hata "tutaona." Alisema, "Shemeji yangu atakuja kupima siku moja mwezi ujao," akafungua mwavuli.
Binti alisimama kando ya jiko bila kuwasha moto. Nilitamani kumwambia ataweza, lakini nilipofungua mdomo nilijisikia sina hakika. Mtoto huyu alinitumia fedha za cherehani kutoka mbali. Kila simu alikuwa ananieleza mkahawa wake, rangi ya kuta, mpaka meza zitakaa wapi, na mimi nilikuwa naitikia tu huku napiga pasi. Chumba hiki ndicho alichokuwa anakiota muda wote huo. Kikiwa duka la vigae sijui nitamtazamaje.

Jumapili, 13 Aprili
Nimefikiria tangu nilipoamka. Watu hawaagizi wasichokijua. Basi wakijue. Na humu ndani kuna mtu mmoja tu aliyekula kila kitu, tena kwa kurudia.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimehamia dirishani. Nimevaa gauni langu la kijani, lile la harusi za watu. Nimemwambia Binti alete mchuzi mweusi kwenye sahani kubwa nyeupe, na mikate imefunikwa kwenye kitambaa iwe inatoa moshi nikiifunua. Nikala. Nilikula mbele ya barabara nzima, polepole, nikifumba macho pale panapostahili, na sikuwa naigiza.
Wapita njia waliokimbia mvua walisimama kwenye kibaraza wakiangalia kupitia kioo. Fundi bomba mmoja, amelowa chapachapa, boksi la vifaa begani, aliangalia kwa muda. Mwisho akaingia.
"Yule mama anakula nini?" akamuuliza Mlingoti.
Mlingoti akamweleza. Na hapo ndipo nilipomjua mume wa mtoto wangu: adabu yote ile, safari hii ilikuwa na kazi. Alimweleza pilipili moja moja, ufuta, chokoleti, kama anamtambulisha kwa ndugu zake.
"Basi nipe kama cha yule mama," akasema fundi bomba.
Alikula bila kuinua kichwa. Akapangusa sahani kwa mkate. Kisha akampigia simu mwenzake, mbele yetu sote, akamwambia aache hilo bomba livuje, aje.

Jumatano, 16 Aprili
Saba wameagiza "kama cha yule mama."

Ijumaa, 18 Aprili
Vikapu vimerudi, lakini vinakuja baada ya mtu kuagiza, na Mlingoti ana maneno yake. Anaweka kikapu, anasema, "Hiki ni cha kupitishia muda tu. Mkikisaza mtatufurahisha." Watu wanapumua kama waliofunguliwa mkanda. Mama Vitambaa alisaza vipande vitano kwa makusudi, akanionyesha kutoka meza yake, uso umejaa ushindi.

Jumamosi, 26 Aprili
Sasa wanasema "kama cha Shangazi." Nimekuwa shangazi wa watu nisiowajua. Leo mikate ya kukunja, na nimewafundisha wanafunzi wa chuo wanne kuinamisha kichwa badala ya kuinua mkate. Mmoja alikuwa na shati jeupe pepe. Nimemwonea huruma nikamfunga kitambaa shingoni.

Jumanne, 6 Mei
Mchuzi mweusi umeisha saa nane mchana. Umeisha! Jioni tumekula mayai, na sijawahi kula mayai kwa furaha namna hii.

Jumatano, 14 Mei
Fundi wangu amepiga simu, mvua zinaelekea ukingoni, ataanza kuezeka. Nimemwambia asiharakishe.

Jumamosi, 17 Mei
Walikuja leo, mwenye jengo na shemeji yake muuza vigae.
Mvua ilikuwa inanyesha kama ya kuaga. Ndani hapakuwa na kiti kitupu. Watu walikuwa wamesimama mlangoni na miavuli inachuruzika, na Mlingoti anawapa ndimu na chumvi wanyonye wakisubiri. Muuza vigae akaingia akiwapenya, akatoa futi yake ya chuma, akaanza kupima ukuta kuanzia mlangoni, anasoma namba kwa sauti. Mwenye jengo alikuwa nyuma yake, amesimama, maji yanadondoka kwenye kofia yake, anaangalia meza.
Futi ikafika kwenye kiti cha fundi bomba. Siku hizi anakula hapa kila Jumamosi.
"Kaka, sogea kidogo nipime," akasema muuza vigae.
"Nikimaliza," akasema fundi bomba, mdomo umejaa.
"Ni dakika moja tu."
"Ndugu yangu, hiki kitu kikipoa ni dhambi. Utapima."
Watu wakacheka. Muuza vigae akabaki amechuchumaa, ameshikilia futi iliyonyooka, hajui aende mbele au arudi nyuma. Mimi nikasogeza kiti changu nikamwita mwenye jengo. Sikumwomba. Nilimwambia tu, "Mzee, karibu hapa kwangu, pana nafasi ya mmoja." Akakaa.
Binti alimletea mwenyewe. Alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi, na alipoiweka sahani akapangusa ukingo wake kwa aproni. Alirudi jikoni haraka kabla mzee hajashika mkate.
Nilimwangalia akionja. Mtu aliyetazama vinywa vya watu maisha yake yote, nami sasa natazama chake. Aliweka mkate chini. Akaunyanyua tena. Akala nusu sahani, akapumzika kidogo kwa sababu ya pilipili, akaendelea. Alipomaliza aligeukia chumba, akaangalia meza moja baada ya nyingine: mikono, mikate, mchuzi kwenye viwiko, mtoto aliyelala kwenye bega la baba yake huku baba anakula kwa mkono mmoja.
"Shemeji," akaita.
Muuza vigae bado alikuwa amechuchumaa. "Naam?"
"Kunja hiyo futi. Tafuta kiti, ule."
Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Mwambie mwanao na mumewe waje Jumatatu tuandikiane. Wa kudumu."
Nilimkuta Binti jikoni, ameketi juu ya gunia la mahindi, mikono imelala magotini. Alikuwa ameshasikia mzee alivyomwambia shemeji yake. Mlingoti alikuwa ameshafika, amepiga magoti mbele yake, na kwa urefu wake vichwa vyao vilikuwa sawasawa.
"Shangazi," akasema Binti, "nimeweza?"
"Umeweza, mwanangu." Nikalia, sikujificha. Kaka yangu angeona! Nikamkumbatia na unga wake wote, nikamvuta na Mlingoti naye, na gauni la kijani likachafuka kiasi kwamba halitatakata tena. Halafu kutoka nje tukasikia mtu anauliza kama kuna mchuzi umebaki, na Binti akaruka kwenda kwenye jiko.

Jumatatu, 19 Mei
Wameandikiana.

Jumamosi, 24 Mei
Jua. Siku ya kwanza kavu tangu nije. Nilidhani bila mvua ya kuwaingiza watapungua. Wamezidi, tumetoa meza mbili nje.
Mchana alikuja mwenye jengo, safari hii na mkewe, mama mnene wa heshima, amevaa vizuri na mkoba mpya. Mzee alikuwa amemsimulia, nadhani, na amemsifia chakula njia nzima. Walifika mlangoni wakasimama. Hapakuwa na pa kuweka hata huo mkoba.
Binti akatoka, anafuta mikono kwenye aproni. Nilimwona akipepesa macho haraka kutafuta kiti, na nilimwona alipoacha kutafuta. Akasimama wima.
"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Leo tumejaa. Mkisubiri kidogo, meza ya kwanza ikiachwa ni yenu."
Mwenye jengo akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama sahani ya fundi bomba. Kisha wote wawili wakasogea kando, wakaegemea ukuta wao wenyewe, wakasubiri.